Somo na Jina Lake: Watakatifu katika Skuli za Unguja

Katika mila za mwambao, mtoto apewapo jina la mtu aliyemtangulia, awe hai au awe amekwisha kurejea kwa Mola wake, huwa amepata somo. Na neno hili, ambalo wengi wetu hulitamka pasipo kulifikiri, limebeba maana tatu ambazo zikitazamwa pamoja huonekana kuwa ni moja: somo ni mwenye jina kama langu, somo ni yule mwanamke mtu mzima amfundishaye mwari siri za unyumba na adabu za kuishi na watu, na somo ni lile funzo lenyewe lisomwalo. Kwa hiyo wamisionari wa Ulaya walipofika Unguja katika karne ya 19, wakaanza kuyatundika majina ya watakatifu wao juu ya milango ya skuli na mabweni, na desturi hiyo ilipokuja kushuka hata kwenye timu za watoto wachezao mpira na kuvuta kamba, walikuwa wakilifanya jambo ambalo wenyeji walikuwa na neno lake tangu zamani. Si ajabu kwamba Wakatoliki wasemao Kiswahili hata leo humwita mtakatifu wa jina lao kwa neno hilo hilo, na siku yake huisherehekea kuwa ni sikukuu ya somo.

Desturi ya kuwagawa wanafunzi mafungu yaitwayo nyumba ilitoka Uingereza, katika skuli za bweni ambazo mwalimu alikaa na vijana kadhaa chini ya dari moja, akala nao na kuwaamrisha, na vijana wa nyumba hii wakatoka jioni kwenda kupambana na vijana wa nyumba ile. Na Thomas Arnold, aliyekuwa mkuu wa skuli ya Rugby tangu 1828 hata alipofariki 1842, ndiye aghalabu hutajwa kwa kuwapa wanafunzi wakubwa madaraka ya kuwalea wadogo wao. Ilipovuka bahari kwenda Bara Hindi na Afrika ilibadilika sura, kwa kuwa skuli nyingi zilikuwa za kutwa, na mtoto alirejea kwao kulala. Ikabaki nyumba isiyo na mlango wala dari, nyumba ya jina tupu na utepe wa rangi, nayo ikawa na nguvu juu ya nyoyo za watoto kama ile ya mawe na chokaa. Skuli za serikali ziliziita nyumba zao kwa majina ya magavana na wakuu waliopita. Skuli za Kikatoliki ziliwachagua watakatifu, kwani katika imani yao mtakatifu ni mwombezi aliye hai mbele ya Mungu, na ni kigezo ambacho mja wa kawaida aweza kukifuata.

Mbegu hii haikuangukia mwambani. Unguja ilizoea mashindano ya mafungu mawili kabla hajatia nanga padri yeyote. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa wenyeji, wanaume wa upande mmoja hukabiliana na wenzao wa upande wa pili kwa mikonyo ya migomba, wakapigana mpaka zikatoka chuki zote za mwaka, kisha wakala pamoja. Mjini nako, Nadi Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa 1905, kilipata mshindani wake Nadi Shuubi miaka michache baadaye, na watu wakagawanyika kwa nyimbo, sare na ufuasi. Na angalieni kwamba Ikhwani Safaa nao walijichagulia somo, maana jina lao ni la wale wanavyuoni wa Basra wa karne ya 10 waliojiita ndugu wa usafi. Basi mtu asidhani ya kuwa tulingoja kufundishwa kushindana chini ya jina tukufu.

Hata hivyo, mahali ambapo jina la mtakatifu lilikuwa na uzito mkubwa kuliko popote kisiwani ni Kiungani, kusini ya mji, katika njia ya kwendea Mbweni. Askofu Tozer wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza, ile iliyozaliwa kwa mwito wa Livingstone wa mwaka 1857, alifika Unguja mwisho wa Agosti 1864 akifuatana na Dakta Steere, na muda si muda Sultani Majid akamkabidhi watoto watano wa kiume waliokuwa wametolewa katika jahazi ya watumwa. Hao watano ndio mwanzo wa skuli. Waliongezwa na wengine, na wengine tena, kila manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi, hata ikahitajiwa nyumba kubwa nje ya mji, na nyumba hiyo ya Kiungani ikawekwa chini ya jina la Mtakatifu Andrea.

Misheni hii ilikuwa ya Kianglikana, lakini ya ule upande wa Waanglikana waliojihesabu kuwa Wakatoliki kwa ibada na itikadi, wenye maungamo, ubani na kalenda ya watakatifu, kama alivyokuwa Frank Weston, aliyekuwa mkuu wa Kiungani kabla ya kufanywa Askofu wa Zanzibar mwaka 1908. Kwa hiyo Andrea hakuwa kwao pambo la kibao. Alikuwa mvuvi, nduguye Petro, aliyeitwa naye akaziacha nyavu zake. Sijui kama wale waliolichagua jina hilo waliwafikiria wavuvi wa Unguja, au waliifikiria zaidi Scotland ambayo yeye ndiye msimamizi wake, lakini mtoto wa Kiungani aliyesikia habari za Andrea darasani na kuitupa macho bahari alikuwa akiyaona majarife yakivutwa na ngalawa zikirejea na asubuhi, na haikumpasa kuagiza picha kutoka Ulaya.

Lakini uzito ninaousema hauko katika uvuvi. Wale watoto walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua, na watu wa makabila ya mbali zaidi, waliotekwa wakiwa wadogo, wakauzwa mkono kwa mkono mpaka pwani, na wengi wao hawakujua tena njia ya kurudi wala jina la kijiji walichozaliwa. Mwaka 1887 Madan, mmoja wa walimu wa misheni, alichapisha kitabu cha masimulizi ya vijana wenyewe wa Kiungani, wakieleza jinsi walivyonyakuliwa na walivyofikishwa Unguja. Mtu asiye na baba wa kumtaja, katika nchi ambayo swali la kwanza aulizwalo mgeni ni ‘wewe mtoto wa nani?’, ana upungufu ambao hauzibwi kwa chakula wala mavazi. Nasaba ndiyo iliyowapotea. Na nionavyo mimi, jina la Andrea lilipowekwa juu yao wote kwa pamoja, kisha kila mmoja akapewa jina lake la ubatizo, walipata kitu kilichokaribiana na nasaba: wakaweza kujibu kwamba wao ni wa Kiungani, watoto wa Mtakatifu Andrea, na jibu hilo likafahamika toka Mkunazini mjini hata Masasi huko bara.

Sisemi kwamba badala ile ilikuwa sawa na kilichopotea, na wala hawakukubali kufutwa. Yatazameni majina yao. John Swedi, mmoja wa wale watano wa kwanza, aliyepata ushemasi mwaka 1879, ni Yohana na ni Swedi. Cecil Majaliwa, Myao aliyepadirishwa na Askofu Smythies mwaka 1890, akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kufikia daraja hiyo, ni Cecil kwa ubatizo, na ni Majaliwa kwa lile neno la Kiswahili la mtu aliyeachia mambo yake mikononi mwa Mungu. Jina la mtakatifu au la Mzungu mfadhili lilitangulia, na jina la pwani likafuata, na yote mawili yakatembea pamoja hata kwenye vitabu vya kanisa. Wala simjui aliyewahi kuyatenganisha.

Kiungani ndiko kulikotoka, tangu 1888, gazeti la Msimulizi, ambalo wanafunzi wenyewe waliliandika na kulipiga chapa, likipeleka habari za skuli na za vituo vya bara kwa wale waliokwisha kuhitimu, ili mwalimu aliyekaa peke yake Newala ajue wadogo zake wanafanya nini. Na Kiungani ndiko kulikochezwa mpira wa miguu kwa nidhamu ya skuli, kabla karne haijageuka, pamoja na kriketi ambayo walimu wa Kiingereza waliipenda zaidi, ingawa vijana walichagua wenyewe, na walichagua mpira. Walicheza wao kwa wao, wakacheza na mabaharia wa manowari zilizotia nanga, na walipotoka skuli kwenda kufanya kazi mjini waliuchukua mchezo huo hadi Mnazi Mmoja na Ng'ambo. Hapo ndipo watakatifu walipoachia uwanja. Timu za mitaa hazikuwa na haja ya Andrea, kwa kuwa vijana wa mtaa wanajuana kwa baba na babu. Zikajiita kwa jina la mahali, kama Kikwajuni na Vuga, na baadaye Malindi, Miembeni na Mlandege, na hata leo mtu wa Unguja akitaka kumtia mwenzake hamasa ya mpira humtajia mtaa. Mwenye mtaa huujivunia mtaa. Asiye na mtaa hutafuta somo.

Skuli yenyewe ilihamishwa mwaka 1925 kwenda Minaki, upande wa Kisarawe, na jina la Andrea likavuka nayo mkondo wa Zanzibar kama mzigo wa jahazi, likakaa huko bara miaka mingi. Kiungani ikabaki kuwa jina la mahali tu, na jina hilo linatokana na kiunga, shamba la pembezoni mwa mji, na ukipita leo majumba ya mji yamekwisha kulimeza shamba.

Mbweni ilikuwa ya wasichana. Ardhi ile ilinunuliwa 1871, na miaka michache baadaye wakakalishwa watu waliokombolewa, na skuli ya wanawali ikapewa jina la Mtakatifu Maria. Hapa nataka msomaji atue kidogo, maana majina si sawa katika masikio ya watu wa kisiwa hiki. Andrea alikuwa mgeni. Maria hakuwa mgeni hata kidogo. Mtoto yeyote wa Kiislamu aliyekwisha kupita chuoni alijua kwamba katika Kurani iko sura nzima iitwayo kwa jina lake, ya 19, na bibi zetu waliwaita binti zao Mariamu bila ya kumwuliza padri. Kwa hiyo jirani Mwislamu aliyepita njia ya Mbweni na kusikia skuli ile inavyoitwa, ingawa alikuwa na hofu yake juu ya mafunzo yatolewayo ndani, na hofu hiyo ilikuwa ya haki kwa mzazi, hakusikia jina la adui. Caroline Thackeray, jamaa wa yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, aliiongoza skuli ile tangu 1877 kwa muda wa miaka ishirini na ushei, na alipostaafu hakurudi kwao, akabaki Unguja mpaka kufa kwake mwaka 1926. Wanawali wake wengi waliolewa na vijana wa Kiungani, wakafuatana nao kwenda kufundisha bara; watoto wa Maria wakaolewa na watoto wa Andrea, na hivyo zile nasaba za majina zikazaa nasaba za damu.

Alasiri moja nilikwenda kuyatazama magofu ya skuli ile, yaliyomo sasa katika bustani ya hoteli. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa imebanduka vipande vipande hata matumbawe yanaonyesha vitundu vyake kama sega la asali. Matao ya madirisha yangali yamesimama, dari imekwenda zamani, na mizizi ya mti imeshuka ukutani ikatafuta njia yake baina ya jiwe na jiwe, mpaka hukuweza kusema ni ukuta uushikao mti au ni mti uushikao ukuta. Niliyatafuta maandishi ya jina popote juu ya mlango, nisiyaone. Mtunza bustani aliyekuwa akifagia majani nilimwuliza jengo hili lilikuwa nini, akanijibu upesi, pasipo kuacha kufagia, ‘La Bibi Maria, skuli ya watoto wa kike.’ Ukuta ulikuwa umelisahau jina, ufagio umelihifadhi.

Wakatoliki wa Roma walikuwa wamewatangulia Waanglikana. Padri Fava alifika kutoka Réunion Desemba 1860 pamoja na masista, na mwaka 1863 wakaja Mapadri wa Roho Mtakatifu chini ya Padri Horner, walioanzisha mjini karakana za useremala na uhunzi pamoja na masomo, kabla ya kulielekeza jicho lao Bagamoyo mwaka 1868. Kanisa lao kubwa, lililojengwa tangu 1893 hata 1898, watu wa mjini huliita Minara Miwili, kwani minara yake ni miongoni mwa mambo ya mwanzo ayaonayo baharia. Lakini kwa ubatizo wake ni kanisa la Mtakatifu Yosefu, na skuli ya masista wake ikawa St Joseph's Convent. Yosefu seremala, katika mji ambao milango yake ya kuchongwa imesifiwa dunia nzima! Sidhani kama kuna mtakatifu aliyestahiki kuliko yeye kupewa uraia wa Mji Mkongwe. Na tena, Mwislamu alisikiapo jina la Yusufu humkumbuka yule mwana wa Yakubu, mwenye ndoto na kanzu yenye damu, asiye huyu. Yusufu wawili wakaishi katika jina moja, na watoto wa skuli wakajua kila mmoja wa kwake.

Katika madawati ya masista walikaa watoto wa Wagoa, na wa Waparsi, na wa Kihindi, na wa Kiarabu na Kingazija, na mmoja wa wanafunzi wa miaka ya mwisho, aliyerejea 1963 kutoka skuli ya bweni ya Mtakatifu Petro huko Panchgani, ni yule Farrokh Bulsara ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Freddie Mercury. Wagoa ndio waliokuwa na somo wao wa karibu zaidi, Fransisko Xavier, ambaye mwili wake umehifadhiwa Goa, na ambaye jina lake limewekwa juu ya nyumba za skuli za Kikatoliki kutoka Bara Hindi hata Afrika. Na wachache hukumbuka kwamba mtu huyo alipita katika pwani yetu wenyewe, akashuka Malindi, ile ya pwani ya Kenya, mwaka 1542 akiwa njiani kuelekea Goa. Hivyo mtoto wa Kigoa wa Unguja alikuwa akijiita kwa jina la abiria aliyetangulia kusafiri katika pepo zile zile zilizowaleta baba zake.

Watakatifu wa Kiafrika walikuja baadaye, nao pia walikuwa na deni kwa bandari hii. Mapadri Weupe wa msafara wa kwanza walipita Unguja mwaka 1878, na Padri Lourdel pamoja na Bruda Amans wakafika Buganda Februari 1879. Na wale vijana wa ikulu walioipokea dini kwao, na wenzao Waanglikana, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, wengi wao wakichomwa Namugongo 3 Juni 1886. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri upatao miaka 14. Niliwahi kusimama kando ya uwanja wa skuli moja ya masista, huko Mrima, siku ya michezo, nikatazama nyumba ya Lwanga, mwingine wa mashahidi hao, ikivutana kamba na nyumba ya Kizito. Lwanga walikuwa warefu. Kizito walikuwa na kijana mmoja mdogo aliyewekwa mwisho wa kamba, ameizungusha kiunoni, visigino vimechimba mchanga, na mashavu yamejaa pumzi. Na wenziwe nje ya mstari hawakulitaja jina lake wala la kiongozi wao, walipiga makofi wakilia ‘Kizito! Kizito!’ mpaka sikujua wanamwita yupi, yule wa Namugongo au huyu wa mwisho wa kamba. Walivutwa, wakashindwa. Kijana yule aliinuka akajipangusa mchanga, akaulizwa na sista kama ameumia, akasema, ‘Kizito halii, sista,’ na machozi yalikuwa yamekwisha kumjaa machoni. Nimesoma mengi juu ya kusudi la kuwapa watoto majina ya watakatifu, na sijaona maelezo yaliyonitosha kama lile jibu.

Mwaka 1964 uliyapindua majina mengi. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari, Serikali ilizichukua skuli zote, na 23 Septemba ikatangazwa elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Unguja na Pemba, jambo ambalo kwa mtoto wa mchukuzi wa bandarini au wa mchuma karafuu lilikuwa kubwa kupita jina lolote juu ya mlango. Haukutimu mwezi, 18 Oktoba, Papa Paulo wa Sita akawatangaza mashahidi Wakatoliki wa Uganda kuwa watakatifu. Na hivyo, katika majira yale yale ambayo Yosefu aliondoka juu ya mlango wa skuli ya masista mjini Unguja, Kizito na Lwanga walikuwa wakipata haki ya kuandikwa juu ya milango ya wengine. Skuli ya masista ikaitwa Tumekuja. Sijui jina la skuli lililo fupi na kamili kuliko hilo: halina somo, ni sentensi, na wasemao ni watoto wenyewe walioingia.

Lakini tazameni skuli nyingine zilizopewa majina katika zama hizo: Lumumba, Haile Selassie, Ben Bella. Desturi haikufa, masomo ndio waliobadilishwa. Lumumba ni shahidi aliyeuawa Januari 1961, na aliyeliweka jina lake juu ya skuli alitaka kwa mtoto kitu kile kile walichokitaka wale waliolichagua la Andrea, yaani mtoto ajiulize, kila alipovaa sare, kama anastahiki kuitwa hivyo.

Na liko jambo moja ambalo kila nipitapo Mkunazini hunisimamisha. Kando ya kanisa lililojengwa mahali pa soko la watumwa, soko lililofungwa kwa mkataba wa Juni 1873, liko jengo la zamani la misheni lenye jina la Mtakatifu Monika, mama yake Agostino, mwanamke wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Algeria, ambaye hadithi yake yote ni kumlilia mwanawe na kutokata tamaa naye. Na kwa mwendo mfupi wa miguu kutoka hapo iko skuli ya wasichana iliyopewa jina la Ben Bella, kiongozi wa kwanza wa Algeria iliyo huru. Waliotoa jina la kwanza na waliotoa la pili hawakuonana, wala wasingalikubaliana juu ya mambo mengi, na nchi waliyoichukulia somo ni moja. Asubuhi wasichana wa skuli hupita pale na mabuibui yao juu ya sare, wawili wawili, mabegi mgongoni, wakisomeshana mtihani wa siku hiyo kwa sauti ya chini, na vibao vyote viwili wanavipita bila ya kuinua macho.